Fungueni Mlango wa Sebule: Barua ya Wazi kwa Wanunuzi wa Sanaa wa Afrika Mashariki

Waheshimiwa wafanyabiashara, wenye viwanda, mawakili na madaktari wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala mnaonunua kazi za wachoraji na wachongaji wetu,

Mimi ni mtundika picha. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikipima kuta, nikitoboa kwa drili, nikifunga mshipi nyuma ya fremu na kurudi nyuma hatua tano kuangalia kama picha imekaa sawa. Nimetundika kwenye kumbi za maonyesho na nimetundika majumbani kwenu, na barua hii imetokana na nilichokiona majumbani.

Mwaka jana niliitwa kutundika picha tatu mpya kwenye nyumba moja ya heshima. Sebuleni nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mwenyeji akanipeleka chumba cha wageni tutafute ukuta. Nyuma ya mlango palikuwa na picha nyingine kumi na mbili zimeegemezwa, migongo nje, zimelaliana kama mabati dukani. Nikazigeuza moja baada ya nyingine. Ya tano niliijua. Niliitundika mimi siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, maonyesho ya siku nne tu, na nakumbuka wasichana wa sekondari waliokuja na sare zao wakakaa sakafuni mbele yake. Sasa kona yake ya chini ilikuwa imeanza kuota ukungu. Mwenyeji alisikitika kweli, maana picha ile aliipenda. Alinisimulia jinsi alivyosimama mbele yake siku ya kuinunua mpaka mkewe akamshika mkono waondoke. Ilikuwa imepita miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu wa nje aliyeitazama.

Kununua mmenunua, na kuna wasanii waliolipa karo za watoto na kodi za nyumba kwa fedha zenu. Siwalaumu kwa hilo, nawashukuru. Lakini iko kazi ya pili ambayo kwetu karibu haina mwenyewe, nayo ni kuzitoa hizo kazi mbele ya watu. Hiyo ndiyo ninayoiombea leo.

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye shughuli yangu methali hiyo haijanisaidia hata siku moja. Kila picha nzuri niliyoiona ikiwafikia watu, imefikishwa na mtu aliyelipa.

Mchukueni George Lilanga. Alizaliwa 1934 upande wa Masasi, Mmakonde, akaanzia kwenye uchongaji. Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 1972, na humo humo akaanza kuonyesha alichokuwa nacho mkononi. Mashetani ya Kimakonde yaliyozoeleka kwenye mpingo aliyahamishia kwenye ubao bapa na kuyapaka rangi kali: matumbo ya mviringo, masikio makubwa, vidole vichache mikononi na miguuni, wamejazana mpaka kwenye ukingo wa picha, wanacheza, wanateta, wanabebana. Alifariki Juni 2005 hapa Dar es Salaam baada ya kuugua kisukari.

Mwaka huo huo kazi za wasanii wa Afrika kutoka mkusanyo wa mtu mmoja zilikuwa zimejaza kumbi za jumba kubwa la sanaa la Houston, Marekani. Mwaka uliofuata zikaenda Bilbao, Hispania, kwenye jumba la Guggenheim. Mwenye mkusanyo ni Jean Pigozzi, aliyezaliwa Paris mwaka 1952, mwana wa mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Simca. Mwaka 1989 aliingia kwenye maonyesho ya Paris yaliyoitwa Magiciens de la terre, akakutana kwa mara ya kwanza na wachoraji na wachongaji wa Kiafrika walio hai. Alimtafuta André Magnin, mmoja wa waliozunguka Afrika kuwatafuta wasanii hao, wakakubaliana: Magnin asafiri, Pigozzi alipe. Kwa miaka 20 Magnin alikwenda Kinshasa, Bamako, Abidjan na kwingineko akinunua, na kazi zikakusanywa Geneva. Humo yumo Lilanga wetu. Yumo Richard Onyango wa pwani ya Kenya, mchoraji wa mabasi, malori na yule bibi mnene aitwaye Drosie. Yumo Chéri Samba, yumo Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa aliyejenga miji mizima kwa karatasi na makadibodi.

Naomba mtazame alichokifanya Pigozzi baada ya kununua, maana hapo ndipo penye somo. Jumba la makumbusho la kwake hakujenga. Aliazimisha. Kazi zikawa zinatoka stoo, zinaingia kwenye makasha, zinakwenda kutazamwa, zinarudi, zinatoka tena. Mwaka 2017 zilikuwa Paris, kwenye jumba la Fondation Louis Vuitton. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilipofanya maonyesho makubwa ya Kingelez, miaka mitatu baada ya kifo chake, sehemu kubwa ya ile miji ya karatasi ilitoka kwa Pigozzi. Mwaka 2019 akaipa MoMA kazi 45 ziwe zake moja kwa moja. Nikiwa mtu wa kubeba na kutundika, nasema kwa moyo mmoja kwamba amefanya kazi kubwa. Bila fedha zile baadhi ya miji ya Kingelez ingekuwa imeliwa na panya.

Kasoro zake nazo ziko wazi. Pigozzi na Magnin walipendelea msanii asiyepita chuo cha sanaa, anayeishi Afrika kusini mwa Sahara. Mtu kama Sam Ntiro, aliyesoma na kufundisha Makerere, hakuwa na nafasi kwenye jicho hilo. Kwa sababu mfuko wa Pigozzi ulikuwa mnene na mingine haikuwepo, kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani walidhani hiyo ndiyo sanaa ya Afrika yote. Tusimlaumu yeye peke yake. Jicho lilikuwa moja kwa kuwa ninyi na baba zenu hamkuleta la pili.

Kwa wale ambao hamjawahi kuandaa maonyesho, niwaeleze fedha zinakokwenda. Mgeni anayeingia ukumbini huona picha na ukuta. Haoni seremala aliyetengeneza kasha la mbao kwa kila mchongo na kukata sponji kufuata umbo lake. Haoni kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, iliyokwenda safari nne kutoka Mwenge kwa mwendo wa mguu kwa sababu mmoja wa mizigo ni udongo uliochomwa. Kuna kupiga rangi ukuta mara mbili. Kuna taa, na taa nzuri ni ghali kuliko fremu. Kuna bima, na wa bima anataka thamani iliyoandikwa, na kazi ambayo haijawahi kuonyeshwa mara nyingi haina thamani iliyoandikwa. Kuna katalogi, ile ambayo wengi hukata kwanza bajeti ikipungua, na ambayo kwangu ndiyo ya kukatwa mwisho, kwa sababu picha zikisharudi kwa wenyewe katalogi ndiyo inayobaki mkononi mwa mwanafunzi. Kuna mlinzi wa usiku, kuna mtu wa kuongoza wanafunzi, kuna basi la kuwaleta hao wanafunzi.

Niliwahi kukaa siku mbili kwenye mpaka mmoja nikiwa na michongo saba, afisa anauliza kama ni bidhaa au mizigo binafsi. Karatasi zangu zilisema maonyesho, na neno hilo halikuwamo kwenye fomu yake. Usiku nililala ndani ya gari mkono wangu ukiwa juu ya kasha. Michongo ilifika siku moja baada ya ufunguzi. Msanii alikuwa amehutubia mbele ya vibao vitupu. Laiti tungekuwa na mtu wa kumlipa wakala wa forodha mapema, siku ile isingetokea. Ni gharama ndogo kuliko fremu za picha mbili.

Msifikiri nawaletea jambo geni. Kufadhili msanii hadharani ni mila yetu kabisa. Kwenye taarabu mtu huinuka na noti mkononi, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji kila mtu akiona. Kwenye ngoma ni hivyo hivyo, na ndipo tukasema mcheza kwao hutunzwa. Mchoraji amekosa utaratibu huo kwa sababu kazi yake ni kimya na hufanywa peke yake chumbani. Maonyesho ndiyo ukumbi wake wa taarabu. Anayelipia ukumbi anampa mchoraji nafasi ya kutunzwa na wengine.

Na asipolipa mwenyeji, analipa mwingine, na anayelipa ndiye anayechagua. Mnakumbuka mwaka 2015, banda la Kenya kwenye Biennale ya Venice, maonyesho ya sanaa ya kimataifa kule Italia, lilipotangazwa na wengi wa wasanii waliotajwa wakawa Wachina. Mwaka 2013 ilikuwa karibu vile vile. Wasanii wa Nairobi walikusanya saini kupinga, na serikali ikajitenga na banda lenye jina la nchi. Mimi nilisoma majina yale mara mbili nikiamini ni kosa la uchapaji. Tanzania ilipata banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, miaka 129 tangu maonyesho hayo yaanze. Kuna mabingwa wa Kitanzania waliozeeka na kufa ndani ya miaka hiyo.

Wako Waafrika waliojaribu kulipa wenyewe, na wa kwanza ninayemtaja ana doa ambalo siwezi kulificha. Sindika Dokolo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefanya makao Luanda, Angola, alinunua kwa mkupuo mkusanyo wa Mjerumani Hans Bogatzke na kuuongeza. Mwaka 2007 mkusanyo wake ndio uliosimamisha banda la Afrika kule Venice. Alikuwa na sharti ambalo kila ninapolikumbuka natamani lingekuwa letu: jumba la nje likitaka kuazima, lionyeshe kazi hizo Afrika pia. Alisaidia pia kurudisha vinyago vya Wachokwe kwenye makumbusho ya Dundo. Kisha Januari 2020 nyaraka zilizovuja, ziitwazo Luanda Leaks, zikahoji chanzo cha utajiri wake na wa mkewe Isabel dos Santos, nao wakakana. Oktoba mwaka huo akafariki Dubai. Fedha ya kufadhili sanaa lazima iweze kueleza ilikotoka. Msanii akipachikwa kwenye jina la mfadhili, aibu ya mfadhili humwangukia na yeye.

Wa pili ni wa Nairobi, na huyu ndiye anayeniuma zaidi. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, akajiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa mkusanyaji toka ndani ya mifupa: nguo, silaha, vito, stempu, vinyago, vitabu adimu zaidi ya 8,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage katikati ya Nairobi, mahali ambapo kazi za bara zima ziliweza kuonekana na kununuliwa bila kupita London. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali pamoja na mkusanyo, akitumaini pangekuwa chuo cha utafiti wa Afrika. Hakikuwepo chuo. Nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki 1990. Vitabu na vitu vingi vipo Nyaraka za Taifa, lile jengo lililokuwa benki pale Moi Avenue, na vingine Nairobi Gallery, jengo la zamani la mkuu wa mkoa. Nendeni mkaone. Nimesimama pale Moi Avenue mchana, maelfu ya watu wakisubiri wenzao mlangoni, maana ni mahali pa kukutania mjini, na wachache mno wakipanda ngazi kuingia. Mtu alitoa maisha yake yote, na kilichokosekana ni mkataba wenye meno na fungu la kuendeshea.

Hapa ndipo nawaomba mkumbuke wakfu. Watu wa mwambao wanaelewa bila kufundishwa: babu anatoa duka liwe wakfu, kodi ya duka inatengeneza msikiti, kisima au madrasa, na mjukuu akitaka kuuza hawezi. Siingii kwenye hukumu za dini kuhusu picha, hilo lina wenyewe. Nazungumzia mpango wenyewe, kwamba mali inayotolewa hufungwa pamoja na kitu cha kuilisha. Prince Yemisi Shyllon wa Lagos alifanya jambo la namna hiyo. Alitoa kazi 1,000 kutoka mkusanyo wake kwa chuo kikuu cha Pan-Atlantic, na jumba la makumbusho lenye jina lake likafunguliwa chuoni humo Oktoba 2019. Wanafunzi wa biashara na wa uhandisi wanapita mbele ya michongo wakienda darasani. Cotonou, nchini Benin, familia ya Zinsou ilifungua nyumba ya maonyesho mwaka 2005, kiingilio bure, na mwaka 2013 wakaongeza makumbusho Ouidah ndani ya jumba la zamani la mfanyabiashara. Hawa wana mali ya kawaida ya matajiri wa Afrika. Wapo miongoni mwenu wenye zaidi.

Kiingilio bure nimekitaja makusudi. Miaka michache iliyopita nilitundika maonyesho kwenye ukumbi wa hoteli. Jioni ya ufunguzi alipita muuza kahawa, mzee wa kanzu, dele mkono mmoja na vikombe vinagonganagongana mkono wa pili. Kupitia kioo aliona picha kubwa ya soko la samaki alfajiri. Akasimama. Mlinzi akamwambia aendelee na safari, mzee, hapa pana shughuli. Miezi mitatu baadaye tuliipeleka picha ile ile kwenye banda la wazi Mikocheni, kwa fedha ya mama mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye hakutaka hata jina lake liandikwe ukutani. Wauza samaki walikuja. Mmoja alisogea mpaka pua ikakaribia rangi, akasema mchoraji amekosea: changu hawekwi kwenye tenga lile, lile ni la dagaa. Mchoraji alikuwepo. Walibishana nusu saa, na nilimwona mchoraji akitoa kidaftari na kuandika.

Sasa ombi langu kubwa. Fanyeni maonyesho ya Lilanga nyumbani kwake. Mwaka 2034 itatimia miaka 100 tangu azaliwe, muda upo wa kutosha. Baadhi yenu mnazo kazi zake. Naijua moja iliyo juu ya kabati la vyombo. Nyingine ziko Geneva na kwenye mikusanyo mingine ya Ulaya. Maonyesho makubwa ya Africa Remix, ambayo Lilanga alikuwamo, yalizunguka Düsseldorf, London, Paris, Tokyo na Stockholm, na kwa Afrika yaliishia Johannesburg mwaka 2007. Hapa hayakufika. Mwandikieni Pigozzi mkiwa kundi, mkiwa na bima yenu, makasha yenu, na ukumbi wenye hewa ya kupimika. Mwenye kuazimisha New York hana sababu ya kukataa Dar es Salaam ikiwa Dar es Salaam imejiandaa. Zipo kazi ambazo Lilanga alizipa majina ya Kiswahili, na nina hamu ya kuziona siku moja mbele ya watu wasiohitaji kutafsiriwa.

Wakati tunasubiri, kila mmoja wenu aanze na alichonacho. Geuzeni picha zilizo nyuma ya mlango. Zipigeni picha kwa simu, mbele na nyuma, mwandike jina la msanii, mwaka, vipimo na mlikonunulia. Ziwekeni mbali na ukuta wa bafu. Kisha azimisheni moja, moja tu, kwa maonyesho yajayo ya shule, chuo au ukumbi wa mtaa wenu, na mlipie kirikuu ya kwenda na kurudi.

Yule mwenyeji wa picha kumi na mbili alinipigia simu wiki iliyopita. Ile yenye ukungu ameipeleka kwa fundi, na ameuliza kama wasichana wa ile shule bado wanakuja kwenye maonyesho. Nimemwambia hao sasa ni watu wazima, lakini shule ipo, na bwalo lake lina ukuta wa mita kumi na mbili usio na dirisha. Jumamosi nakwenda kuupima.

Wenu,
Mtundika picha, Dar es Salaam